Asali ya Julai na Oili ya Gari Letu

Mwende, binti yangu,

Asubuhi ya leo nimewasha gari, na mama yako ameendelea kulala.

Unajua maana ya hilo. Miaka yote ile, injini ikishalala usiku kucha, ikiwashwa iligongagonga kama kijiko ndani ya sufuria tupu, mpaka nusu ya kijiji chetu cha Kwa Vonza ikajua mwalimu anaondoka. Ikishapata moto inatulia. Nami kila kelele zilipozidi nilitafuta oili nzito zaidi, kwa sababu kwetu kuna joto, na kila dereva wa lori niliyemuuliza alisema joto linataka oili nzito.

Nakumbuka ukiwa darasa la saba. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuvaa sweta hadi saa nne. Uliniuliza mnato ni nini, nikaweka tone la maji na tone la asali kwenye sinia, nikaliinamisha. Maji yalifika chini mara moja; asali ikabaki pale juu kama imegoma. Ukasema, "Tuipashe moto, Baba." Tukaipasha, ikateremka mbio, ukacheka na kulamba sinia. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka vile.

Ndiyo sababu sina la kujitetea kuhusu siku ile gerejini. Ulikuwa umetoka chuo cha ufundi, ovaroli yako bado mpya. Ulifungua kitabu cha gari, ambacho mimi sikuwa nimewahi kukifungua, ukaweka kidole kwenye aina ya oili, 5W-30. "Baba, namba ya kwanza ni ya injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inapanda juu haraka. Hii yako ya 20W-50 inachelewa, vyuma vinagongana vikiwa vikavu. Ni ile asali ya Julai."

Fundi mzee akaangua kicheko. "Mwalimu, leo umewekwa dawati la mbele!" Wenzake wakapiga makofi.

Ningeweza kucheka nao. Badala yake nikakwambia, "Nenda nyumbani umsaidie mama yako kupika." Uliweka spana juu ya boneti polepole, ukapangusa mikono, ukaondoka. Jumatatu ukaenda kutafuta kazi Mtito Andei. Tangu hapo ukipiga simu, unamtafuta mama yako.

Wiki iliyopita fundi yule yule alifungua kifuniko cha juu cha injini akaniita nione. Vyuma vinavyosukuma valvu vimelika, kwa kusubiri oili kila asubuhi. "Msichana alisema," akaniambia, bila kunitazama. Nilinunua 5W-30 siku hiyo hiyo. Sasa kelele ni sekunde moja, mbili, kisha injini inatulia. Hazijaisha kabisa. Chuma kilicholika hakirudi, na nilipokuwa na nafasi ya kukiokoa, wewe ulikuwa umesimama kando yangu.

Mama yako, akimimina chai leo, amesema, "Gari limenyamaza. Sasa mwenye gari aongee."

Basi naongea. Ulisema kweli, Mwende, na nilijua ni kweli wakati ule ule, maana ni mimi niliyeshika lile sinia. Niliogopa kuchekwa na wanaume watano ambao hata majina yao yote siyajui. Nisamehe.

Ijumaa nataka kuja huko kwako. Nataka uisikilize injini mwenyewe, uniambie kipi bado kinaweza kutengenezwa. Shida ni kwamba nitafika ikiwa na moto wa safari, na ikiwa na moto haitakuonyesha kitu. Itabidi gari lilale hadi asubuhi. Ukiniruhusu, litalala mlangoni pako, nami nitalala ndani kwako. Kukicha, ufunguo utakuwa mkononi mwako.

Baba yako,
ambaye sasa amekisoma kitabu cha gari.