Sanduku ya Fishi ya Miti

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Kadutu tuko wazima. Nyanya yako anapanda mpaka soko bila kusimama. Mimi ndiye napumzika mara tatu.

Umeniuliza lugha gani utaandika nayo ile programu ya fishi, zile kadi za matibabu za wamama wajawazito, yenye maternité yetu itafungua ku internet: Python, yenye vijana wa hapa wanajua, ao Rust, yenye unapenda juu inaenda mbio. Babu yako hajui ordinateur, hizo kompyuta zenu. Najua fishi.

Nilipokuwa infirmier, muuguzi kijana kule kijiji cha Miti, nilipanga fishi za watoto kwa rangi na alama zangu mwenyewe, juu majina hayakusaidia: misa moja tu ilibatiza akina Marie saba. Nilitoa fishi mbele mama hajakaa. Nilijisifu sana.

Kisha malaria ikanilaza. Siku ya tatu mwenzangu wa kazi akaingia chumbani kwangu na sanduku nzima ya fishi kichwani, nyuma yake mama na mutoto mwenye homa.

«Ndugu, tafuta wewe. Kuna dawa iliwahi kumuumiza huyu mutoto, na hatujui ni gani.»

Nikatafuta, mikono ikitetemeka. Mutoto alipona. Lakini yule mama hakuangalia rangi zangu nzuri. Aliangalia mikono yangu.

Rust uijifunze, mwanangu, sikukatazi. Ila siku utalala na homa huko Ubelgiji, ile sanduku watakubebea namna gani?

Babu yako, mwenye kukutaja kila asubuhi mbele ya Mungu