Vidole Viwili vya Baba

Kiganjo, Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

U mzima huko Sagana? Na miguu, bado inavimba ukikaa sana ofisini? Huku tunapumua. Mvua haijatuachilia, sare naikaushia juu ya jiko na darasani nanuka moshi. Mama bado yuko Kenol kwa ile hoteli anakofanya kazi, atakuja mwisho wa mwezi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya hapa ni ya Baba na anasoma kila kitu. Theuri wa lori la mbao ameapa hatafungua. Aliniuliza, "Ni ya mpenzi?" akaondoka akicheka.

Najua wewe na Baba hamsemezani tangu mkanda wa mashine ulipomvuta mkono na ofisi yenu ikampangia kazi nyepesi, kukaa getini kuandika namba za magari. Uliipanga wewe, maana ndiyo kazi yako hapo kiwanda cha mbao: walioumia, fidia yao, na kuwarudisha kazini. Labda ulifikiri unampumzisha. Lakini wenzake wanapita wakimwita Madam wa Geti. "Madam, tufungulie, tumekuletea mboga!" Baba anacheka nao, halafu akifika nyumbani hali chakula.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tarehe ishirini na mbili anaenda Nyeri kwa daktari wa bima, yule wa kusema mkono umepona au umeharibika kiasi gani. Baba anataka kusema amepona. Msimamizi wake, Gicheru, alimwambia, "Nderitu, ukiandikwa kilema, msumeno utausikia kwa masikio tu." Kwa hivyo kila jioni ananifanya mimi daktari. Naketi kwa kiti, yeye anasimama mbele ya jiko, na ni lazima niseme kwa Kiingereza, ati ndio azoee. Inua mkono. Kunja ngumi. Sukuma. Mimi huyu ambaye mwalimu akiniita sauti inakwama! Anameza dawa za maumivu kwanza. Ameshakuwa hodari.

Lakini jana alitoa sufuria ya uji motoni bila kitambaa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinaungua na yeye anaendelea kunisimulia habari za mpira. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Akavitazama kama vya mtu mwingine, akasema, "Usimwambie mama yako."

Shangazi, mkono huo ndio utasukuma gogo kwenye msumeno. Fanya kitu.

Ndimi wajina wako,
Ngendo

*

Sagana, Alhamisi, 15 Mei 2025

Binti yangu, wajina wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe zimeninyima chakula. Miguu ni ile ile. Wewe kula, na usiende shule na nguo mbichi, kifua chako nakijua.

Faili ya baba yako siishiki tena. Nilimkabidhi Mujahid, tunayekaa naye ofisi moja, kwa sababu si haki mtu kumsimamia ndugu yake wa tumbo moja. Nikiigusa, watasema namtafutia fidia. Elewa tunavyofanya: msimamizi anasema kazi inataka nini, daktari anasema mwili unaweza nini, Mujahid anaunganisha hayo mawili, bima inalipa. Hakuna kati yetu anayemwona akishika sufuria. Anayemwona ni wewe. Mama yako hayupo, kwa hivyo utamsindikiza. Daktari akimaliza, mwombe amwambie Baba afumbe macho, kisha amguse kidole kimoja kimoja, aseme kipi anakihisi. Sentensi moja tu, wajina.

Kuhusu geti, nilidhani kiti na kivuli ni heshima. Sikumuuliza.

Shangazi yako

*

Kiganjo, Alhamisi, 22 Mei 2025

Shangazi,

Natumaini hujambo. Mimi sijui nilivyo.

Tulienda. Daktari aliuliza yale yale, ungedhani alikuwa amejificha jikoni kwetu. Baba aliinua, akakunja, akasukuma. Jasho lilimtoka nyuma ya masikio lakini daktari alikuwa mbele. Sentensi yako nilikuwa nayo kwa lugha mbili. Daktari hata akanitazama: "Na wewe msichana, una swali?"

Nikasema, "Hapana, daktari."

Akaandika papo hapo kwamba amepona. Baba akaniingiza kwa mkahawa, akamwambia yule wa chipsi, "Mjazie sahani, huyu ndiye aliyeniponya." Nilienda chooni nikalia huko.

Shangazi, kuna wewe, Mujahid, Gicheru, daktari na watu wa bima. Watu wazima wote hao, kila mmoja na kipande chake, na kile kilichobaki mkampa mtoto wa kidato cha tatu ambaye hata soda hawezi kuagiza. Nisamehe. Kwa karatasi naweza kusema.

Jumatatu anarudi kwenye msumeno. Ovaroli ameshaifua.

Ngendo wako

*

Sagana, Jumamosi, 24 Mei 2025

Wajina,

Salamu leo sina uso wa kuzitoa. Umenipiga pale nilipostahili.

Jana nilimwambia Mujahid yote: dawa, mazoezi, sufuria. Aliniuliza, "Na umekaa nayo wiki nzima kwa nini?" Amesimamisha kila kitu hadi mkono upimwe upya, mishipa ya fahamu na vyote. Jumatatu Gicheru atamrudisha Baba nyumbani. Mimi nimeitwa kueleza kwa nini nimeingilia faili ya ndugu yangu. Hilo niachie.

Atakuja na hasira, akimtafuta aliyesema. Mwambie ni mimi. Ananichukia tayari, haitakuwa kazi mpya kwake. Wewe hukujua lolote. Umesikia? Usijifanye shujaa.

Shangazi yako

*

Kiganjo, Jumanne, 27 Mei 2025

Shangazi,

Wameshakuita, na wamekufanya nini? Nakuombea.

Jana nilitoka shule nikamkuta Baba kitandani na ovaroli yake. Akaniuliza, "Ni dada yangu, sivyo?" Nilikuwa na maneno yako tayari mdomoni. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Mimi ndiye niliyemwandikia."

Kisha akasema, "Hata wewe." Halafu, bila kelele: "Sasa niwe nani?"

Bado sijui.

Baadaye akanyoosha mguu. "Nifungulie viatu." Kumbe tangu aumie hajawahi kufungua kamba. Anaviacha vimefungwa vivyo hivyo, asubuhi anasukuma mguu ndani. Jana matope yalikuwa yamezikaza. Nikapiga magoti, nikafungua cha kwanza, nikafungua cha pili. Yeye alikuwa ameangalia ukutani, na ule mkono ameulaza juu ya goti, haufichi tena.

Leo hajaenda hata getini. Chai imepoa mbele yake.

Usimpe Theuri barua nyingine. Njoo wewe mwenyewe.

Ngendo