Barua ya Darrell kwenye semina

Jolene, bado nimekaa kwenye gari nje ya makumbusho. Siwezi kuendesha.

Leo ilikuwa semina yetu sisi walimu wa historia. Mkufunzi akagawa nakala za barua ya askari wetu aliyepigana vitani Iraki, tupime kama mwandishi anaaminika.

Nikaona mwandiko. Ni wa kaka yangu Darrell. Barua ileile ambayo mama aliwapa makumbusho baada ya mazishi yake.

"Mama, huku shwari, nakula vizuri."

Mwalimu Hodges akacheka: "Shwari wapi? Huyu jamaa muongo, jamani."

Meza nzima ikacheka. Jina lilikuwa limefutwa, hawakujua.

Shwari, Jolene. Aliandika hivyo siku tatu kabla hajauawa.

Mkufunzi akanigeukia: "Na wewe, dada Marlene, anaaminika?"

Nikasema hapana. Nikaandika hapana, chini ya mwandiko wake.