Chumba Kimoja cha Mwanza

Jumatano

Bado sielewi kwa nini kila nyumba anayoulizia mume wangu ni ya chumba kimoja. Baba Neema amehamishiwa kazi Mwanza, na sisi tuko watano. Jana alikaa analinganisha kodi, akasema chumba kimoja cha kule ni bei ya vyumba vyetu vitatu vya hapa mtaani kwetu Ng'ambo.

"Sasa sisi tutalala wapi?" nikamuuliza.

"Nyinyi mtakuja nikishatulia."

Atulie na nani?

Leo alipokwenda kijijini kwao Goweko kuwaaga wazazi wake, nilimpigia dalali wa Mwanza anayemtafutia nyumba, nikamtajia kodi tunayolipa hapa.

"Mama, vyumba vitatu vipo, nje kidogo ya mji, kodi kama hiyo ya kwenu. Mbona nilimwambia mzee tangu wiki iliyopita?"

Tangu wiki iliyopita! Nikamwambia atushikie hivyo vitatu, tunakuja wote.

Baba Neema aliporudi nilimweleza hivyo hivyo, mbele ya watoto. Watoto wakashangilia. Yeye akanawa mikono, akakaa, akasema ugali umepoa.

Hakukataa. Lakini hakufurahi, na mimi nilikuwa namtazama usoni.