Ulisema "Nakuja", Ukaniachia Ubao

Kaka Ayub,

Simu zangu hushiki, na jumbe zangu unazijibu kwa picha ya kidole gumba. Ndiyo maana nimeandika barua na kuiweka kwenye ukurasa wa watu wa kwetu, kila mtu aisome. Huenda aibu ikafanya kazi iliyoushinda undugu.

Nianze na habari njema. Lile shimo la skrubu kwenye ubao wako limepona.

Unakumbuka Krismasi ile uliposhuka Lubao na ule ubao wa kusimama majini na kupiga kasia, umefungwa juu ya basi kama kitanda cha bwana harusi? Senje Rasoa, dada yake Baba, aliutazama toka kichwa hadi mkia, akakuuliza, "Umeturetea kifuniko cha jeneza, nani amekufa?" Baba alikuwa bado anatembea vizuri. Aliugonga kwa kidole, vile alivyokuwa akigonga mabomba alipokuwa fundi wa mitambo kiwandani, akasema, "Hii iko tupu ndani." Mimi, fundi wa vitanda na makabati, sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshakusikia ukiuita ubao, na ubao mimi naujua.

Ulinipeleka bwawani, pale ng'ombe wa kijiji wanapokunywa. Ulinionyesha pezi chini ya mkia, limeshikwa na skrubu mbili. "Hii ndio akili yake," ulisema. "Bila hii utazunguka tu." Nilipojaribu kusimama nikaanguka mara tatu, ukacheka mpaka ukakaa kwenye matope. "Piga magoti kwanza, Enosi! Si hata kanisani unaanzanga hivyo?" Mara ya nne nilisimama. Nilivuka bwawa zima, na nilipofika ng'ambo sikutaka kugeuka.

Jioni hiyo, kwenye benchi kando ya zizi, ulinipa ahadi. Unajua mila yetu ilivyo. Kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya baba, na kuachiwa nyumba maana yake ni kuachwa nyumbani. Mimi sikuwahi kuulizwa kama nataka. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kusema mambo yanaweza kuwa tofauti. "Mwaka mmoja tu. Nimalize mwaka Diani, nirudi nikae na mzee, wewe uende uone bahari." Nilikuamini kabisa, Kaka, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi ya kuondoka ulitia mkoba begani, ukatugeuzia mgongo, ukasema, "Nakuja."

Hao watu wa pwani unaoishi nao sijui kama wamewahi kukucheka kwa neno hilo. Ni sisi tu tunaosema tunakuja wakati tunaenda. Kila mtu hapa analisema akitoka kidogo kununua chumvi, na kila mtu analielewa. Mimi peke yangu ndiye niliyelichukua lilivyo.

Imekuwa miaka minne. Mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka, Baba alianguka bafuni, na upande wake wa kulia haukuamka tena. Nilifunga karakana yangu ya Lurambi nikahamishia meza ya kazi hapa barazani, kwa sababu siwezi kumwacha zaidi ya saa moja. Namnyoa. Namgeuza. Namlisha obusuma, ugali wetu, kwa vitonge vidogo, nikingoja ameze kimoja kabla ya kingine. Sisemi haya ili unihurumie. Ni baba yangu na nampenda. Lakini kuna siku nasimama mlangoni nikitazama barabara, na miguu inaniwasha. Na kila mlango unapolia, hata kama ni upepo, anauliza, "Ayub amefika?"

"Bado, Baba."

Siku nilipoharibu shimo ni siku niliyokupigia nikakuuliza unarudi lini, ukanijibu, "Nitaona." Nilikata simu nikachukua bisibisi. Nilitaka tu kufunga pezi, Senje akae na Baba, mimi niende bwawani nipumue. Lakini mkono ulikuwa na hasira zake. Nilikaza skrubu ya nyuma mpaka ikalia, kisha nikaendelea kukaza. Halafu ikaanza kuzunguka bure. Meno ya shimo yalikuwa yamekwisha.

Nilienda hivyo hivyo. Nilipofika katikati, pezi lilipinda likalala upande. Nikipiga kasia kulia, ubao unageuka. Nikipiga kushoto, unageuka. Nilizunguka pale pale nikiona ng'ombe wale wale, ua ule ule, paa la shule lile lile, kisha ng'ombe tena. Nilicheka. Baadaye nikalia, maana pale majini angalau hapakuwa na mtu wa kuniambia nivumilie.

Sasa sikia kosa la fundi. Shimo la skrubu likilegea kwenye mlango wa kabati, nachukua vijiti vya kiberiti, natia gundi nyeupe, nasukuma ndani, nafunga skrubu ndefu kidogo, kazi imeisha. Nikafanya hivyo hivyo. Si ni ubao? Skrubu ilipita ganda la juu ikazama kwenye kitu laini, kama siagi. Niliposhuka majini, ubao ulitoa mapovu. Niliporudi nikaubonyeza mkia, maji yakatoka shimoni kama usaha wa jipu. Ndani hamna mti wowote, ni lile povu gumu, jeupe na jepesi, linalokuja ndani ya katoni ya televisheni. Baba aliligundua hilo kwa kidole kimoja.

Kisha ukaniletea ujumbe mrefu kuliko yote ya miaka minne. Mwenye kukodisha mbao kama hizi huko Diani anatafuta fundi wa kuzitengeneza. Anataka kuona picha ya kazi yangu, na nafasi ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilisoma mara nyingi nikitafuta mahali uliposema nani atakaa na Baba. Hukusema.

Nilitengeneza hata hivyo. Nilisimamisha ubao mkia chini, barazani, wiki mbili nzima mpaka ukakauka. Nikang'oa vijiti vyangu vya upumbavu, nikapanua shimo mpaka nikafika mahali safi. Nikachanganya ile gundi ya mirija miwili na unga laini wa mbao, nikajaza. Nilikuwa nataka kuzamisha skrubu humo, gundi ikaukie juu yake, ndipo Baba aliyekuwa ameketi nyuma yangu akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Ayub," aliniambia. "Reta mshumaa."

"Wa nini, Baba?"

"Paka skurubu. Itashikwa."

Nikaelewa. Bila nta, gundi ingeinasa skrubu humo moja kwa moja. Niliisugua mshumaa, nikaizungusha ndani polepole, nikaiacha. Siku iliyofuata iligoma kidogo, kisha ikatoka nzima, na ukutani mwa shimo ikaacha meno mapya. Niliishika kiganjani kwa muda mrefu. Niliionea wivu, usinicheke.

Na sikumshukuru Baba. Alikuwa ameniita kwa jina lako.

Nilituma picha. Yule bwana amesema nije. Wewe ulituma kidole gumba.

Jana nilimpelekea Baba chai. Mlango ulilia, akauliza swali lake. Nilikuwa nimechoka, Kaka. Nilimjibu, "Ndiyo, Baba. Nimefika."

Ungeuona uso wake. Alinishika mkono akakataa kuuachilia. Aliniuliza kama nimekula, kama bahari bado ina chumvi. Kisha akatazama huku na huku chumbani.

"Na Enosi ako wapi?"

"Ametoka kidogo," nikasema. "Amesema anakuja."

Baba alicheka kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka.

"Enosi? Huyo haendangi mahali."

Mwezi unaisha Jumamosi ijayo. Nimefunga pezi kwa skrubu zote mbili, kwa mkono, bila hasira, na limekaa imara. Nguo zangu ziko kwenye mkoba wako wa zamani uliouacha hapa. Kaka, usiniambie unakuja. Fika.

Ni mimi, mdogo wako,
yule haendangi mahali.