Dawa ya Mnyauko

Kaka Projesti,

Shikamoo huko uliko. Najua ungeitikia na kuniuliza kama nimekula, kabla hata ya kuuliza habari za redio. Nimekula. Redio nayo ni nzima. Taarifa ya mchana sasa naisoma mimi, kwenye kiti chako, na bado kuna siku nakikalia kwa pembeni kana kwamba utaingia.

Nakuandikia kwa sababu nina furaha na sina mwingine wa kumringia.

Wiki iliyopita gazeti liliandika kwa herufi kubwa: "Dawa ya mnyauko yapatikana." Redio nyingine zilishaisoma. Meneja akataka nifungue nayo taarifa. Kaka, nilitamani iwe kweli. Nani hapa Karagwe, mwenye migomba inayooza kwa ugonjwa huu ikiwa imesimama, asingetamani?

Lakini wewe uliyenifundisha kazi ulinizoesha vibaya. Habari yoyote ya utafiti, kwanza tumpigie mama yako, tumsomee, kisha atusimulie. "Asimwe, usimuulize kama ameelewa," ulikuwa ukisema. "Atakuambia ndiyo kwa heshima tu. Mwambie akusimulie."

Nikampigia. Hata sikumaliza kusoma.

"Hiyo nimeshaisikia, mwanangu. Ndiyo maana nimeacha kuchoma panga. Nasubiri dawa ifike dukani Omurushaka, nipulize."

Mgomba mmoja shambani kwake ulishaanza kunyauka, na yeye anatoka na panga lile lile, lenye ugonjwa, kwenda kukata migomba mizima. Shamba lote ulilomwachia, Kaka, lilikuwa linaondoka kwa kichwa kimoja cha habari.

Nikamtafuta mtafiti mwenyewe kwa simu. Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa amewaambia wakulima wa Kihanga, "Dawa ya mnyauko ni moto. Pitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine." Basi. Ndivyo sote tunavyosema, dawa ya hiki ni kile. Mwandishi akachukua dawa, moto akauacha mkutanoni. Wala hakudanganya. Neno lilisemwa kweli.

Meneja alinuna, akasema tutaonekana tumepitwa. Nikaisoma hivi: "Hakuna dawa mpya ya kupuliza. Usiweke panga chini kusubiri. Lichome motoni kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine." Nikairudia jioni. Mwenye duka la pembejeo pale Omurushaka akanipigia kunishukuru, maana alichoka kuwaapia wateja kwamba hajaficha dawa hiyo stoo.

Jumapili nikaenda kwenu Igurwa. Mama alikuwa shambani, moto wake unafuka pembeni, panga jeusi kwa masizi. Mgomba mgonjwa ameshaukata. Nikataka kumsaidia, nikanyoosha mkono kulichukua panga, akanizuia.

"Hilo bado halijapita motoni. Hamsikilizi redio?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikala ndizi za shamba lako, nikalia kidogo, nikaongezwa nyingine. Unamjua mama yako, kwake mtu anayelia ana njaa.

Nimekukumbuka sana, Kaka, ila safari hii bila uchungu. Lala kwa amani. Nakuahidi, habari ya utafiti ambayo mama hajanisimulia kama ilivyo sitaisoma, hata redio zote zitutangulie. Na nikikosea, nitarudi hewani kesho yake niseme nimekosea, kwa jina langu.

Mdogo wako,
Asimwe