Baba, Tumekataa Picha Yako Itundikwe Kanisani

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipofumba macho kwenye kitanda cha chumba cha mbele, na watu wanatuambia machozi yamekauka, sasa tushukuru. Machozi yamekauka kweli. Kilichobaki ni hasira, na hatutaificha kwa sababu tu hii ni kumbukumbu.

Wanaosoma hapa si wote waliokujua. Ulikuwa kinyozi. Saluni yako ilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa, na redio uliyoizima siku ulipomwajiri kinyozi wa kiti cha pili. Kijana yule alikuwa kiziwi tangu utotoni, na wewe uliona haya kufurahia muziki peke yako. Ukaanza kujifunza lugha ya alama kwake, kati ya mteja na mteja. Ulikosea vibaya. Siku moja ulidhani unamkaribisha chakula, kumbe unamwambia anafanana na mbuzi. Mlicheka mpaka mkashika ukuta, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa akabaki anawakodolea macho.

Wateja walimpachika jina la Msiri. Walimwona hasikii, basi wakawa wanaongea siri zao zote mbele yake. Wewe ulijua kwamba anasoma midomo, ukanyamaza, mzee mchokozi wewe.

Ulipomwalika kanisani ulisimama mbele, kando ya kwaya, ukamtafsiria mahubiri. Jumapili iliyofuata akaja na mkewe. Kisha wakaja viziwi wengine, fundi viatu, mama mfua nguo na binti yake, mpaka benchi la kwanza likajaa. Baada ya ibada ulikuwa unawashika waumini mkono, mmoja mmoja: "Huyu mama ni jirani yako. Jifunze angalau kumwambia habari za asubuhi." Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alijifunza. Wengine walipunga mkono tu, wakidhani hiyo ndiyo lugha yenyewe.

Muumini akikosekana Jumapili mbili, ulisema, mtu aende akagonge mlango wake, asitume ujumbe wa simu. Wewe uliigonga milango hiyo. Tumekusubiri mezani mara nyingi, chakula kimepoa, wewe uko kwenye mlango wa mtu.

Kisha zikaja kamera, kanisa lionekane hadi kwenye simu za watu. Katibu wa kanisa alikukuta saluni, wembe ukiwa mkononi.

"Mzee, wale watu wako tumewatafutia sehemu nzuri kule nyuma."

"Nyuma wataona nini?"

"Mikono yako inavuruga picha. Watazamaji wanalalamika."

"Watazamaji wako nyumbani, wamejilaza kwenye makochi. Hawa wamekuja kwa miguu yao."

"Mzee, jambo dogo hili. Usilikuze."

Hukulikuza, na hapo ndipo panapotuuma. Uliwahamishia nyuma, karibu na mlango wa stoo, ukapanda juu ya kiti ili wakuone, ibada nzima, na magoti yako yale mabovu. Tulitaka kwenda kumvaa katibu. Ukatukataza: "Mkimgombeza yeye, watakaotolewa nje ni wao." Waliahidiwa ibada yao maalumu. Haikuanzishwa. Wakaanza kupungua, mmoja baada ya mwingine, na hakuna mzee wa kanisa aliyeuliza wamekwenda wapi.

Kiharusi kilikupata ukiwa kazini. Msiri na mteja mmoja ndio waliokubeba. Kilikuchukulia mkono wa kulia na nusu ya maneno, na simu zetu zikajaa ujumbe. Tuko pamoja. Tunawaombea. Pamoja na nani? Nyumbani alikuwapo Mama, tulikuwapo sisi wanao, na walikuwapo hao hao wa nyuma. Msiri alikuja kila akifunga saluni, akakunyoa ndevu. Fundi viatu alikubeba kwenda bafuni. Mama mfua nguo alichukua mashuka yako bila kuulizwa, akayarudisha yamepigwa pasi. Maneno ya mdomo yalipokugomea, wao ndio waliokuwa na la kuzungumza nawe, kwa mkono wa kushoto. Mlicheka mle chumbani sisi tusijue kinachochekesha. Mchungaji alikuja mara moja. Alisali vizuri, akapiga picha na wewe, akaondoka chai haijapoa.

Siku ya mazishi kipaza sauti kilikuwa cha viongozi wa kanisa. Wakakuita mtumishi wa wasiosikia, wakakuita nguzo ya upendo. Hakuna aliyewaza nani atawatafsiria hao wasiosikia. Walikuwa wamesimama pembeni ya kaburi, wakitafuta midomo ya watu waliowapa mgongo. Mimi, kifungua mimba wako, nikatoka kwenye viti vya familia, nikasimama mbele yao, nikatafsiri nilichojua. Nilipofika kwenye "tulimpenda sana," Msiri alinijibu kwa mikono: "Muulize huyo anayesema, kitanda cha mzee kilikuwa upande gani wa chumba."

Sasa majuzi wazee wa kanisa walikuja nyumbani, katibu akiwa mbele. Wanataka ibada kubwa ya shukrani kwa ajili yako. Wanataka picha yako itundikwe mlangoni mwa kanisa, na kamera ziwepo. Mama aliwamiminia chai, akawasikiliza hadi mwisho.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mama."

"Akiwa hai mlimtoa kwenye picha. Amekufa ndiyo mnamtaka kwenye picha. Hapana."

Katibu akasema Mungu anatutaka tusameheane, tusikae na kinyongo.

"Mimi kwa yangu nimesamehe," Mama akasema. "Ila mliowakosea hamuwaoni hapa sebuleni. Wafuateni kwenye milango yao. Na mtafute wa kuwatafsiria, maana hamkujifunza."

Katibu alikunja uso, akaacha kikombe kimejaa. Hakwenda kwa mtu yeyote. Mchungaji alikwenda, tuseme ukweli, usije ukatulaumu huko uliko. Alimchukua yule mwenye duka aliyejifunza alama, wakazunguka nyumba hadi nyumba. Fundi viatu alikubali kurudi. Msiri alisema atafikiria. Mama mfua nguo aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamjibu mchungaji kwa mikono: "Nimekusamehe. Kurudi, sirudi," akaufunga mlango.

Jumapili iliyopita benchi la mbele liliachwa wazi. Nilisimama pale pale ulipokuwa ukisimama, fundi viatu akakaa, na kando yake Mama, ambaye sasa anajifunza alama na vidole vyake vimekakamaa. Wengine hawakutokea. Wakati wa matangazo mchungaji akasema, "Tumshukuru Mungu, umoja wetu umerudi." Neno hilo sikulitafsiri. Fundi viatu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: "Amesema tumepoteza watu." Mchungaji aliona mikono yangu, hakuielewa, akaendelea.

Kwa hiyo ibada ya shukrani haitakuwepo. Anayetaka kukukumbuka aende leo akagonge mlango wa mtu ambaye hajamwona kanisani siku nyingi. Asiende na kamera.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakuwekea upande wako wa kitanda. Na watoto wako, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Na wajukuu zako, hata yule uliyemwacha tumboni. Na dada zako wawili. Na Msiri, ambaye ni mwana wa nyumba hii, na mtu anayebisha hilo akae viti vya wageni. Na fundi viatu. Na mama mfua nguo na binti yake, ambao kanisani hawarudi, lakini wametuma watu waje kusema watajwe hapa.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na wewe tuombee, maana sisi wanao kusamehe bado hatujaweza.